Nani Alipiga Ile Simu

Ukiwakuta watu wazima, wenye watoto na kodi za nyumba, wanagombana asubuhi mpaka mate yanawakauka juu ya mtu ambaye hajawahi hata kuzaliwa, jua umefika nje ya saluni ya Kinyozi. Pale pana benchi limeegemea ukuta chini ya dirisha, lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa chuma. Upande wa barabarani Mama Kahawa ameweka jiko lake la mkaa, birika lake kubwa na beseni la kuoshea vikombe. Pembeni yake anakaa Macho, mlinzi wa usiku, anayekuja moja kwa moja kutoka kazini na sare yake, na akishagusa benchi tu kope zinashuka. Jina walimpa kwa kumtania, naye akalipokea kama cheo. Kisha Wakili, fundi umeme, ambaye mahakamani ameingia mara moja tu, tena kwenda kubadilisha taa, lakini ukibishana naye utatamani kuomba dhamana. Nafasi ya mwisho, karibu na mlango, juu ya ule mguu wa chuma, ilikuwa tupu. Ilikuwa ya Shemeji, na tangu aondoke hakuna aliyeikalia.

Kinyozi mwenyewe huwa hakai. Husimama mlangoni, bega kwenye fremu, mashine ya kunyolea mkononi hata kama hana kichwa cha kunyoa, ili mteja akipita asiseme amekuta watu wavivu. Asubuhi hiyo alisimama hivyo hivyo, ila macho yake yalikuwa yakienda kwenye ile nafasi tupu na kurudi, na hakuona hata Mama Kahawa alipomnyooshea kikombe. Ikabidi amguse goti.

Wakili ndiye aliyefungua kesi.

— Ni mke, alisema. Nimelala nalifikiria, nimeamka nalifikiria. Aliyepiga ile simu ni mke.

Kwa asiyeiona hiyo filamu, habari yenyewe ni hii. Kuna mji wa mvua isiyokatika, na ndani yake kuna muuaji mwenye tabia ya ajabu: akishamuua mtu, anavichukua viatu vya marehemu, anavipiga rangi mpaka vinang'aa, halafu anavipanga mlangoni vikitazama nje. Mpelelezi anamsaka filamu nzima. Analala ofisini, mkewe anamnunia, bosi wake anamtishia kumwachisha kibarua. Mwishowe anarudi nyumbani, amelowa chapachapa, na mlangoni anakuta viatu vyake mwenyewe, vile alivyofungia ndoa, vimepigwa rangi. Anaingia. Nyumba kimya. Simu inalia. Anaiinua, anasema halo, na hapo hapo kioo kinakuwa cheusi tii.

Waliitazama wote kwenye TV ndogo ya Kinyozi, iliyofungwa juu ya kioo ili wateja wasisinzie. Flashi alikwenda kuijaza Wakili kwa muuza filamu wa kona ya pili, na yule bwana alimwonya kabisa: hii imezoa tuzo huko duniani, lakini jiandaeni, mwisho wake unachanganya, hata waliosoma wanagombana. Maneno hayo ndiyo yaliyowaponza. Kioo kilipokuwa cheusi hakuna aliyeshtuka. Walitikisa vichwa taratibu, kama watu walioonja kitu cha gharama, wakasema kweli huyu aliyeitengeneza ni kiboko.

— Mke hana ubavu wa kuua wanaume wazima, Macho alisema, kope zimefungwa.

— Ubavu wa nini? Alikuwa anawawekea kitu kwenye chai.

— Chai ipi? Hakuna chai kwenye ile filamu.

— Ndiyo ujanja wenyewe. Hawakuionyesha.

Mama Kahawa alisonya. Yeye alikuwa na maiti wake, na hakumwacha hata siku moja. Yule marehemu wa kwanza, alisema, mlimwona uso? Mliona nyayo tu. Mtu kalala kifudifudi, hana viatu, basi mnasema kafa. Nani alimpima? Kwa maoni yake yule mtu aliinuka watu walipoondoka, akajipangusa, akaanza kuua wengine akijua polisi hawatamtafuta maiti. Wakili akapinga kwamba marehemu alizikwa, kaburi lilionekana. Mama Kahawa akajibu kwamba lilionekana jeneza, na yeye hakumbuki kuliona limefunguliwa.

Macho, ambaye wakati wa filamu aliamka mara mbili, na moja ilikuwa ya kuomba sukari, alisema wote wamepotea. Aliyeua ni mlinzi wa ofisi ya polisi, yule anayefungua geti.

— Yule aliyeonekana mara moja? Wakili alishangaa.

— Mlinzi siku zote anaonekana mara moja. Nani anamtazama? Lakini anajua anayeingia, anajua anayetoka, na ana usiku mzima wa kupiga viatu rangi. Mimi mwenyewe napiga.

Wakaangalia viatu vyake. Kweli, viling'aa. Mama Kahawa akasogeza kigoda chake kidogo upande wa barabara, nusu kwa utani.

Wakili alipoona mke wake anashindwa, akamtupa, akaleta mpya. Akasema hakuna aliyepiga simu, kwa sababu mpelelezi mwenyewe alikuwa ameshakufa tangu mwanzo. Tuliyekuwa tunamwona ni roho yake, ndiyo maana mkewe hamjibu na bosi hamkalishi kiti. Simu ile ilitoka makaburini, wenzake walikuwa wanamwita arudi.

— Simu ya makaburini inatumia mtandao gani? Mama Kahawa aliuliza.

— Ile ilikuwa simu ya waya. Mimi ni fundi umeme, Mama. Waya unafika popote.

Hata Macho alicheka, na kumchekesha mtu aliyelala si kazi ndogo. Kisha wakamgeukia Kinyozi, kwa sababu yeye ndiye mwenye maelezo makubwa kuliko yote: kwamba muuaji ni mpelelezi mwenyewe, anaua akiwa usingizini, na ile simu alijipigia. Siku za nyuma alikuwa akiyatoa hayo maelezo kwa mbwembwe, mashine hewani, mteja kwenye kiti akingoja na nusu ya kichwa. Leo alisema tu kwamba yeye alishasema, hana la kuongeza.

— Siku hizi huna ladha, Wakili alimwambia.

Hakuwa na ladha kweli, na sababu aliijua. Ilikuwa imekaa pale pale, kwenye nafasi tupu.

Shemeji alikuwa fundi wa kuchomelea, mwenye karakana nyuma ya jengo lile lile, ukizunguka kona tu. Miaka mingi nyuma alimuoa dada yake Kinyozi. Kinyozi akawa anamwita shemeji, Wakili akadakia, Mama Kahawa akadakia, watoto wa mtaa wakadakia, mpaka watu wakasahau kwamba ana jina lingine. Mtu akitaka geti, anaambiwa nenda kwa Shemeji. Kila chuma kilichokuwa saluni kilipita mikononi mwake: mlango, nondo za dirisha, mguu wa benchi ule wa mbao ulipoliwa na mchwa. Hata TV iliyowagombanisha ilining'inia kwenye chuma cha Shemeji.

Ndoa haikudumu. Dada alifunga virago, akaenda kuishi mji mwingine na maisha yake yakamnyookea. Shemeji alisema atarudi. Alisema hivyo bila kulia wala kulewa, kama mtu anayesema mvua itanyesha, na nyumbani kwake kanga za mke ziliendelea kutundikwa pale pale. Watu walimwonea huruma, halafu wakamzoea. Naye aliendelea kuja benchini kila asubuhi, na kumwita Kinyozi shemeji, na Kinyozi kumwita shemeji, na hakuna aliyeona kasoro.

Mpaka filamu. Kioo kilipokuwa cheusi na wengine wakatikisa vichwa, Shemeji peke yake alibaki ametazama juu, kikombe mkononi, akingoja. Akauliza mbona hawaendelei. Wakamwambia imekwisha. Akasema hapana, hii haijaisha. Yeye ni mtu wa kuunganisha vitu, akaeleza kwa upole wake, akiona mahali hapajaungwa anajua, na pale mwisho hapajaungwa. Wakacheka. Kesho yake wakamchokoza, akarudia vile vile. Na kesho yake.

Siku hiyo ya mwisho benchi lilikuwa limejaa, wapita njia wamesimama, na Kinyozi alikuwa katikati ya maelezo yake, yamekolea, watu wanaitikia. Shemeji akakohoa kidogo akasema, lakini shemeji, hii filamu haijaisha. Watu husema ulimi uliteleza. Wa Kinyozi haukuteleza. Alijua unakoelekea, akauacha uende.

— Wewe kwako hakuna kinachoisha, alimwambia mbele ya watu wote. Hata dada yangu alipoondoka na masanduku yake ulituambia haijaisha. Na bado unaniita shemeji. Shemeji wa wapi? Ushemeji wetu ulikwisha zamani, wewe tu ndiye hujaambiwa.

Hakuna aliyecheka. Shemeji alimalizia kahawa yake mpaka kwenye machicha, akainama, akasuuza kikombe mwenyewe kwenye beseni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akasema haya. Akazunguka kona, na tangu siku hiyo hakurudi.

Mtaa haukujua umwite nani. Neno shemeji likawa na mwiba. Wakawa wanasema yule fundi, yule wa nyuma.

Kinyozi alijuta siku hiyo hiyo, kabla hata mteja hajashuka kwenye kiti. Lakini kujuta ni kitu kimoja na kuzunguka kona ni kitu kingine. Kulikuwa na sababu nzuri kabisa ya kwenda: kikanyagio cha kiti cha kunyolea. Kilikuwa kimekatika chini ya mteja mzito siku chache kabla ya ugomvi, na Shemeji alikibeba mwenyewe akakipeleka karakana, akasema nitakuletea. Kinyozi angeweza kwenda kukiulizia, na maneno mengine yangefuata. Badala yake aliweka tofali mbili, akazifunga taulo kuukuu, na kila mteja aliyeuliza mbona miguu inaning'inia alimwambia kikanyagio kipo kwa fundi. Mashine ya kukatia chuma aliisikia kila siku kutoka nyuma, ikipiga kelele zake, naye akajiambia kesho.

Alimpigia dada yake kumweleza, akitumaini atapongezwa. Dada akamuuliza:

— Mimi niligombana naye kwa yangu. Wewe alikukosea nini?

Namba ya Shemeji alikuwa nayo kwenye simu, imeandikwa Shemeji. Jioni nyingine aliifungua, akaliangalia lile jina, akairudisha mfukoni. Mama Kahawa aliwahi kumwona.

— Umempigia?

— Nitampigia.

— Sisi kutwa tunauliza nani kapiga simu, alisema, na wewe mwenye simu hupigi.

Siku za karibuni ile mashine ya nyuma ilikuwa imenyamaza. Kinyozi alidhani ni umeme wa upande ule, umekuwa wa kusuasua. Hakumuuliza Wakili, kwa kuogopa Wakili angejibu kwamba umeme upo.

Basi hiyo ndiyo hali iliyokuwepo alipotokea yule mgeni. Alikuwa mtu wa makamo, ovaroli yake safi ya kazini haijachafuka bado, kwapani ana kitu kimefungwa kwenye gunia. Alisalimia wote, akaomba kahawa, na kabla hajazuiwa akakaa kwenye ile nafasi tupu. Wakili alinyoosha mkono kumzuia, akaurudisha. Mtu hajui, utamwambia nini?

Mgeni alisikiliza kwa heshima. Habari za simu ya makaburini zilimshinda, akauliza kama kuna msiba. Wakamweleza wote kwa pamoja: mvua, viatu, mpelelezi, halo. Uso wake ukafunguka.

— Hiyo filamu ninaijua, alisema. Nimeiona.

Ilikuwa kama amekuja hakimu. Wakili akamvuta huku, Mama Kahawa akamwongeza kahawa bila kuombwa, Macho akaiweka sawa kofia yake. Aseme yeye, kati ya mke, maiti na mlinzi, nani kapiga simu. Mgeni akawatazama kwa kutoelewa.

— Kwani majina yalipanda?

— Majina ya nani? Wakili aliuliza.

— Ya waigizaji. Filamu ikiisha, majina yanapanda na muziki. Nyinyi mliyaona?

Wakili alimtazama Mama Kahawa. Mama Kahawa alimtazama Macho, kwa mazoea tu, kisha akakumbuka kwamba huyo si shahidi. Macho alikuwa amefungua macho yote mawili. Kinyozi pale mlangoni aligeuka akatazama TV yake, ijapokuwa ilikuwa imezimwa. Kioo kilikuwa cheusi, alikumbuka, halafu ikarudi ile orodha ya filamu zilizomo kwenye flashi. Hakukuwa na muziki. Hakukuwa na jina hata moja.

Mgeni aliwaeleza kwa upole kwamba flashi yao ilijaa kabla filamu haijamalizika kuingia. Baada ya ile simu kuna kipande kirefu tu, na huo mwisho unaochanganya uko huko mbele. Wao hawajaufikia hata kidogo.

Yale yote, mke na chai yake isiyoonekana, maiti aliyejipangusa, waya wa makaburini, yalijengwa juu ya flashi iliyojaa. Wakili alijikuna kisogo, akasema polepole kwamba ndiyo maana na yeye alikuwa na mashaka. Mama Kahawa akamwambia anyamaze.

— Haya tuambie, Wakili akasema kwa mgeni. Nani alipiga?

— Usiseme.

Ni Kinyozi. Alikuwa ameshatoka mlangoni, mashine ameiweka dirishani.

— Kuna mtu hayupo, alisema. Huyo ndiye aliyetuambia haijaisha, tukamcheka. Mimi nilimcheka kuliko wote, tena nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mwenzake. Hadithi hii hatuisikii bila yeye. Mama, nimiminie kikombe kimoja, kijae.

Alivua aproni yake yenye nywele za watu, akaikung'uta, akaitundika. Moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko alivyokumbuka tangu siku ile. Maneno ya kusema hakuhitaji tena kuyatafuta, yalikuwa yamekuja yenyewe: ulisema kweli, shemeji, haijaisha. Angeyasema hapo karakana, halafu angemleta mpaka benchini ayaseme tena mbele ya watu, kwa sauti, kwa sababu yale mengine pia aliyasema kwa sauti. Mama Kahawa alimimina mpaka ukingoni na kumkabidhi kwa mikono miwili. Hakumtania.

Kinyozi alipopiga hatua kuelekea kona, mgeni akainuka naye.

— Samahani kaka, kabla hujaenda. Na mimi hapa nimetumwa. Kahawa imenikalisha tu.

Akaanza kulifungua gunia. Yeye ndiye aliyeichukua ile karakana ya nyuma, alisema, leo ndiyo anaanza kazi. Fundi aliyekuwepo amehama na vyombo vyake vyote. Alimwachia funguo na agizo moja, kwamba asiwashe mashine kabla hajafikisha hiki.

Kilikuwa kikanyagio. Si kile cha zamani kilichoungwa. Kilikuwa kipya, bapa, kingo zimesagwa zisimkwaruze mtu, kimepakwa rangi nyeusi, na mahali pa kuwekea nyayo palikuwa na michirizi ili miguu isiteleze. Wakili alikipitisha kidole mahali pa kuungia, hakukuta pa kukwama.

— Amehamia wapi? Kinyozi aliuliza.

— Hakusema. Na namba aliyoniachia haipatikani, nimejaribu tangu jana. Nilimwambia mzee, si ungebaki kidogo unionyeshe wateja. Akasema hapana, mimi hapa nimekwisha.

Kinyozi aliuliza tena kama ndivyo alivyosema, kwamba amekwisha. Mgeni akasema ndivyo, kwa maneno hayo hayo, tena alisema akitabasamu, ila tabasamu lenyewe halikumkaa vizuri.

Mama Kahawa aliinamia jiko lake akaanza kuchochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Macho alivua kofia. Mgeni aliona watu wamebadilika, akadhani ni yeye ameharibu kitu, basi akaharakisha kumaliza agizo lake.

— Aliniambia hiki ni cha kiti cha shemeji yake. Nikamuuliza, shemeji yako anaitwa nani? Akasema sina haja ya jina, nifike tu kwenye benchi la saluni niulize, mtaa mzima unajua.

Akakiinua kile kikanyagio kidogo, akawatazama mmoja mmoja, Wakili, Macho, Mama Kahawa, mpaka akamfikia Kinyozi aliyesimama njiani.

— Shemeji yake ni nani hapa?

Wakili, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alitazama chini. Jibu halikuwa lao. Kahawa ilikuwa ya moto, inamwagikia Kinyozi vidole, naye alikuwa bado amekishika kile kikombe vizuri, kwa mikono miwili, kisimwagike.